Sura ya Sita: Cha Kununua na Cha Kuwamba

Pipa la mafuta la lita 200 lina kipenyo cha sentimita 57 au 58. Ile ngoma kubwa ya dramu za kiwandani, inayolazwa ubavu na kupigwa kwa mguu, mara nyingi ni ya inchi 22, yaani sentimita 56. Tofauti ni upana wa kidole. Mapipa hayo yamejaa mwambao wote wa ziwa wilayani Sengerema: kwenye mialo yanahifadhi petroli ya injini za mitumbwi, majumbani yanakinga maji ya mvua, na yakishatoboka hunyooshwa yakawa milango ya mabanda ya kuku. Seti ya dramu inakaa dukani Mwanza mjini, ng'ambo ya ghuba, na kijana anayeitamani anaijua bei yake kama anavyoijua namba yake ya simu.

Ushauri anaopewa kijana huyo haubadiliki. Weka akiba, vumilia, kisha nunua seti ya bei ya chini uanzie hapo. Mimi naona ni ushauri wa hasara. Seti ya bei ya chini ni fedha kidogo iliyotawanywa juu ya vitu vingi: ngoma nne au tano, matoazi mawili matatu, stendi, pedali na kiti. Kila kimoja kimepata shilingi chache kuliko kinavyostahili, na vile vinavyostahili nyingi ndivyo vilivyopunjwa zaidi, kwa sababu mnunuzi wa mara ya kwanza hutazama mng'aro wa mbao na kuhesabu ngoma. Baada ya mwaka pedali inalegea, toazi linapinda kama sufuria, na mwenye seti anarudi kwenye foleni ya kutamani.

Njia nyingine inaanza kwa kutenganisha mambo mawili: kipi lazima kinunuliwe, na kipi mwambao huu umekuwa ukijitengenezea tangu zamani.

Sengerema haikosi shule ya ngoma. Ni nchi ya Wazinza waliokuwa na watawala wao, na ni nchi ya Wasukuma waliohamia na mashamba yao, ng'ombe wao na ushindani wao. Katika Usukuma vyama vya Bagika na Bagalu, vinavyokumbukwa kwa majina ya waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, vimeshindana kwa zaidi ya miaka mia. Makundi mawili huingia uwanja mmoja wakati mmoja, baada ya mavuno, kila moja upande wake. Mwamuzi ni umati. Watu wakiuacha upande wako na kukimbilia ule wa pili, umeshindwa, hata kama ulicheza vizuri. Kuna dawa, kuna nyoka, kuna vichekesho, lakini kinachomvuta mtu aliye mbali kabla hajaona chochote ni mlio wa ngoma. Katika bugobogobo, ngoma ya wakulima na majembe yao, mpigaji naye ni mchezaji: anaruka, anazunguka, anapiga fimbo nyuma ya mgongo. Katika mashindano kama hayo hakuna aliyewahi kuuliza ngoma ya wapinzani imetoka kiwanda gani. Anayetaka kuona jinsi jambo hili lilivyochukuliwa kwa uzito aende Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho yaliyoasisiwa na padre Mkanada, David Clement. Huko ngoma za watemi zimejengewa nyumba yao wenyewe.

Shule ya pili ni kanisa. Wamisionari wa Africa Inland Mission walikichukua kituo cha Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, mwaka 1909, na kutokana na kazi hiyo likakua kanisa la AICT, ambalo kwaya zake za Mwanza zimejulikana nchi nzima. Kwa Wakatoliki, mtaguso wa pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965, ulizifungulia mlango wa kanisa ngoma ambazo mapadre wa mwanzo walikuwa wamezifukuza kama mambo ya kishenzi. Makanisa ya Kipentekoste yakaleta dramu kamili na spika za kuizidi. Ndiyo maana leo ukimkuta kijana wa Sengerema anayepiga vizuri, uliza anasali wapi. Jibu litakwambia alijifunzia ngozi au alijifunzia plastiki.

Mwaka huohuo wa 1909, huko Chicago, mpiga ngoma aliyeitwa William F. Ludwig alisajili hataza ya pedali yenye kasi ya kutosha kuendana na muziki mpya wa wakati ule. Kabla ya pedali nzuri, ngoma kubwa ilitaka mtu wake, ndogo mtu wake, na matoazi mtu wao. Pedali ilimpa mtu mmoja kazi ya watatu. Wenye kumbi za maonyesho walifurahi, maana mishahara ilipungua. Wapigaji wawili waliobaki bila kazi hawakufurahi. Dramu, chombo ambacho kijana wetu anakiona kama anasa ya wenye nazo, kilizaliwa kwa kubana matumizi. Hata umbo lake ni la viraka: ngoma kubwa na ndogo kutoka gwaride za kijeshi, matoazi ya Waturuki, na ngoma za pembeni za Wachina ambazo wapigaji wa mwanzo walizitundika kwa sababu zilipatikana kwa urahisi.

Tukirudi kwenye pipa, inafaa kujua sauti inatoka wapi. Ngozi pana hutoa sauti nene. Ukipunguza kipenyo kuwa nusu, kwa mkazo uleule, sauti hupanda oktavu moja. Ukitaka kuipandisha oktavu hiyo bila kubadili kipenyo, mkazo unatakiwa uongezeke mara nne. Na ngozi nzito hutoa sauti ya chini kuliko nyepesi. Kipenyo, mkazo, uzito wa ngozi: hesabu ya mlio inaishia hapo kwa sehemu kubwa. Mbao za gharama, rangi ya kung'aa na nembo havimo. Mbao zina kazi yake, sikatai, na mtu mwenye sikio kali katika studio tulivu atausikia mninga tofauti na mbao laini. Kwenye mkutano wa hadhara wenye jenereta linalonguruma nyuma ya jukwaa, hausikiki.

Kinachosikika ni ukingo. Pale ngozi inapolala juu ya duara la ngoma, duara lile lisipokuwa sawa ngoma haitashika sauti hata ukaze namna gani. Mafundi wana namna rahisi ya kulipima. Ondoa ngozi, ilaze ngoma kifudifudi juu ya kioo au sakafu laini ya saruji, zima taa, kisha washa tochi ndani yake. Mahali mwanga unapovuja ndipo palipo chini. Kwa tupa na msasa, na subira ya mchana mmoja, ngoma mbovu ya kiwandani inaweza kuwa bora kuliko ilivyotoka dukani. Ukweli ni kwamba seti nyingi za bei nafuu zina ubovu huu hasa, na mwenyewe huishia kununua ngozi mpya juu ya ngozi mpya bila kuutazama ukingo.

Ngozi ya plastiki ni jambo la juzi. Mwaka 1957 Remo Belli, mpiga dramu wa California, alianza kuuza ngozi za poliesta, unene wake karibu robo milimita, na katika miaka michache ngozi ya ndama ikatoweka kwenye dramu za Marekani na Ulaya. Sababu ilikuwa unyevu. Ngozi ya mnyama hulegea mvua ikinyesha na kukaza jua likiwaka. Mpigaji wa bendi angeweza kuanza wimbo na sauti moja na kuumaliza na nyingine. Wapigaji wa kwetu walikuwa na jibu lao kwa tatizo hilo, na bado wanalo: moto wa majani pembeni ya uwanja. Wakati wa masika, kando ya ziwa, jibu hilo linachosha, na kanisani haliruhusiwi.

Lakini ngozi ya mnyama ina fadhila moja ambayo plastiki haina: haina saizi. Ngozi ya dukani ni ya inchi 22 au si ya inchi 22. Ikipungua kidogo haiingii. Pipa limezidi kidogo tu, na kidogo hicho kinatosha kuikataa plastiki ya dukani. Ngozi ya ng'ombe inakatwa kwa kisu ilingane na chochote, na katika nchi ya wafugaji ngozi ya ng'ombe si mali ya kugombaniwa. Machinjioni hupatikana kwa bei ndogo, mara nyingine kwa maelewano.

Urefu wa pipa ni karibu sentimita 88. Likikatwa katikati linatoa duara mbili za kina cha sentimita 44, ambacho ndicho kina cha kawaida cha ngoma ya mguuni. Pipa moja, wapigaji wawili. Hapa nitasema jambo kwa ukali: pipa lililobeba petroli au dizeli, hata likionekana kavu, limejaa mvuke, na cheche ya mashine ya kukatia inatosha kuua. Lioshwe kwa sabuni zaidi ya mara moja, kisha lijazwe maji hadi karibu na mstari wa kukata, vifuniko vyote vikiwa wazi. Fundi anayesema hiyo ni kupoteza muda, mwondokee mapema.

Baada ya kukata, ukingo wa juu unalainishwa ili usikate ngozi. Halafu pete mbili za nondo ya milimita 8, fundi wa kuchomelea anazikunja: moja ya ndani inayoviringishiwa ngozi ingali mbichi, na moja ya nje inayoigandamiza. Bolti ndefu nane zinaivuta pete ya nje kuelekea chini. Ngozi yenyewe ilowekwe usiku kucha, inyolewe manyoya, iondolewe mafuta, iwambwe ikiwa na maji na ikauke kivulini; juani hukauka vipande vipande na kuchanika penye udhaifu. Bolti zikazwe kwa kukabiliana, ya kaskazini kisha ya kusini, kidogo kidogo, siyo kwa kuzunguka. Ndani tia kipande cha godoro au blanketi kuukuu, kwa sababu chuma kitalia kama debe usipokitia kitu cha kukinyamazisha. Wapigaji wa studio za Ulaya hutia mto ndani ya ngoma zao za mamilioni kwa sababu hiyohiyo.

Kwa ngoma ndogo za pembeni, ngozi ya mbuzi juu ya ndoo ngumu ya lita 20 iliyokatwa kitako inafika mbali. Ng'ambo ya ziwa, Waganda huiwamba engalabi, ngoma yao ndefu, kwa ngozi ya kenge, na mlio wake mkavu unachoma masikio kwa utamu. Tanzania usijaribu: ngozi ya kenge bila kibali ni nyara ya serikali, na hakimu hatakuuliza mlio ulikuwaje. Kama kuna nauli ya safari moja ya kujifunza, Mpambire, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, mafundi wa ngoma wamejipanga kandokando ya lami na kazi yao unaitazama hatua kwa hatua bila kiingilio.

Watu waliotumia chakavu hawakuwa wa daraja la pili. Pipa hilihili la mafuta, huko Trinidad katika miaka ya 1940, vijana wa mitaa ya maskini walilipigapiga nyundo hadi likatoa noti kamili, na leo ni chombo cha taifa. Konono Nº 1 wa Kinshasa walizisikilizisha likembe zao, marimba za vidole gumba, kupitia vikuza sauti walivyojitengenezea kwa sumaku za magari mabovu, na ulimwengu ulipowasikia katika albamu ya 2004 uliita mtindo mpya. Staff Benda Bilili, kundi la wanamuziki wengi wao wakiwa walemavu wa polio, walizunguka Ulaya na kijana anayepiga uzi mmoja uliofungwa kwenye kopo. Na hapa nyumbani, Morris Nyunyusa, mzee asiyeona aliyepiga ngoma nyingi kwa pamoja kwa mikono miwili, ndiye aliyefungulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam kwa miaka mingi. Wanaoukumbuka mlio ule wanakumbuka kuwa kila ngoma ilikuwa na sauti yake, imekazwa kwa makusudi. Kukaza ni sehemu kubwa ya kipaji, na ni bure.

Sasa cha kununua.

Kwanza pedali. Ni mashine ndogo yenye bawaba, springi na mnyororo au mkanda, na kila kosa la sehemu ya kumi ya sekunde katika mguu wako linatoka hapo. Fundi wa baiskeli mwenye akili anaweza kutengeneza pedali inayofanya kazi; nimeona kazi nzuri za aina hiyo, springi imetoka kwenye stendi ya pikipiki. Inatosha kwa mazoezi. Lakini mguu hujifunza tabia za pedali yake, na mguu uliojifunza kwa pedali nzito yenye kuchelewa hubaki na uzito huo. Pedali iliyotumika, ya kampuni yoyote yenye vipuri, ni bora kuliko seti nzima mpya ya bei ya chini. Itazame bawaba: ikicheza kwenda kulia na kushoto, iache.

Pili sinea, ngoma ndogo yenye nyaya chini yake. Nitaeleza kwa nini kwa kupitia Kinshasa tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Meridjo Belobi, mpiga dramu wa Zaiko Langa Langa, alileta mdundo uitwao kavacha, ambao inasimuliwa kuwa ulitokana na mlio wa magurudumu ya treni. Mdundo huo ulivuka mipaka, ukaingia Kenya, ukaingia dansi la Tanzania, ukaingia kwaya. Kila sebene inayowainua watu vitini Jumapili asubuhi mjini Sengerema ina damu yake. Na kavacha inaweza kupigwa yote juu ya sinea na haihati, yale matoazi mawili yanayofumbwa kwa mguu. Kwa hiyo mpigaji wa Afrika Mashariki na Kati mwenye sinea nzuri moja na mguu ulionyooka ameshika sehemu kubwa ya muziki atakaoitiwa. Ngoma tatu za kuzungusha fimbo kwa mbwembwe ni pambo. Pambo lina siku yake, ila halianzi.

Sinea pia ni ngumu kutengeneza nyumbani. Ngozi ya chini inatakiwa iwe nyembamba sana, nyaya zilale sawa, na kitasa cha kuzifunga na kuzifungua kisilegee katikati ya maombi. Hapa nunua. Ikiwa na mwili wa chuma uliochakaa lakini ukingo mzima, chukua, kisha uweke ngozi mpya.

Tatu matoazi, na hapa mfuko utauma. Toazi zuri ni shaba nyeusi, kwa kawaida sehemu 80 za shaba na 20 za bati, iliyoyeyushwa, ikafinyangwa kwa joto na kugongwa nyundo. Familia ya Zildjian ilianza kazi hiyo Istanbul na huhesabu mwanzo wake kuanzia 1623. Matoazi ya bei ya chini hukatwa kwenye bamba la shaba ya njano na hulia kama kifuniko cha sufuria kwa sababu kimsingi ndicho yalicho. Mafundi wa Makoroboi, pale Mwanza mjini, wanaotoa majiko, karai na taa za koroboi kutoka kwenye chuma chakavu, watakutengenezea karibu kila kitu cha bati. Toazi hawatalitoa, na wasiahidi. Nunua haihati nzuri kabla ya toazi kubwa, nunua moja iliyotumika badala ya tatu mpya mbovu. Ikiwa na ufa mdogo ukingoni usiikimbie. Fundi atoboe tundu dogo pale ufa unapoishia, na ufa utasimama. Ukiwa mrefu zaidi, ukingo wote ukatwe duara dogo. Sauti itapanda kidogo na bei itakuwa imeshuka sana.

Fimbo za dukani zina urefu wa sentimita 40 na unene wa milimita 14 hivi. Seremala akikuchongea za mpera zenye vipimo hivyo, chagua mbili zenye uzito sawa kwa kuzibembeza mkononi, zitakufaa. Kiti ni kigoda chochote, mradi paja lako literemke kidogo kuelekea goti. Kipande cha kandambili kilichogandishwa juu ya ubao ni uwanja wa mazoezi ambao hautamwamsha jirani.

Na vizibo vya masikio. Wataalamu wa afya kazini huweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hukatwa nusu. Kwenye desibeli 100 umebakiwa na dakika 15. Dramu katika chumba cha mabati chenye spika hufika huko bila taabu, na ibada haiishi kwa dakika 15. Pamba haitoshi. Vizibo vya sponji ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika sura hii, na sijui kwa nini hakuna kwaya inayoviweka kwenye bajeti pamoja na vitambaa vya sare.

Fedha za mwambao zina kalenda yake. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi gizani, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na mitumbwi hupumzika. Kijana anayevua, anayeanika au anayebeba magunia, iwe Busisi au visiwa vya Kome na Maisome, ana fedha wakati wa giza na ana muda wakati wa mbalamwezi. Mwenye fedha hana muda, mwenye muda hana fedha, na ni mtu mmoja. Wiki ya mbalamwezi ndiyo ya mazoezi, na ndiyo wiki akiba inayeyukia kwenye chipsi na vocha. Wanaofanikiwa huwa wanacheza mchezo wa kupeana zamu, wapigaji wanne au watano, ukikusanywa giza linapoisha na kununua kitu kimoja papo hapo: mwezi huu pedali ya huyu, mwezi ujao haihati ya yule. Kitu kikishanunuliwa hakiazimwi na shemeji.

Kuna pia mkopo wa halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Kikundi cha ngoma kinachokodishwa kwenye harusi na sendoff ni biashara kama ya kuku, na kinaweza kuandikiwa maombi hivyo. Ila mkopo usio na riba bado una marejesho. Ningeutumia kwa spika na jenereta, ambavyo hukodishwa hata siku mpigaji anaumwa, wala nisingeutumia kununulia dramu.

Limebaki suala la mwenye vyombo, na historia yetu imeliongelea kwa sauti kubwa. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Urafiki ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Polisi, Magereza na JKT walikuwa na bendi zao. Wanamuziki walipata mshahara na heshima, lakini gitaa na dramu zilikuwa za mwajiri. Aliyehama alihama na mikono mitupu. Bendi za watu binafsi zilifuata desturi ileile: tajiri alileta vyombo, na siku aliyogombana na wanamuziki alivifungia stoo, bendi ikafa usiku mmoja. Mwamba ngoma, wahenga walishasema, huvutia ngozi kwake.

Kanisani mambo ni ya upole zaidi lakini hayatofautiani sana. Dramu ni ya kanisa, ufunguo uko kwa mzee wa kanisa, na mazoezi ni pale mwalimu wa kwaya anapopatikana. Sidhani kijana apigane na hilo. Ngoma kubwa na stendi ni mizigo. Zikae kanisani, zitunzwe na kanisa. Zake ziwe zile zinazobebeka: sinea, pedali, haihati, fimbo. Hata katika matamasha makubwa ya nje, ambako bendi tano hutumia dramu moja jukwaani, kila mpigaji hufika na vitu hivyohivyo mkobani, kwa kuwa ndivyo vinavyobeba mkono na mguu wake. Anayevimiliki anaweza kuketi nyuma ya pipa la Kome au nyuma ya seti ya hoteli, na akasikika ni yuleyule.

Tangu Juni 19, 2025, lilipozinduliwa daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3, mkoba huo hausubiri tena kivuko. Mpigaji wa Sengerema anaweza kuitwa Mwanza mjini alasiri, akapiga kwenye harusi usiku, na akawahi ibada ya kwanza kesho yake. Malipo ya usiku mmoja wa namna hiyo ndiyo yanayonunua toazi la pili. Kabla ya hapo amwone katibu wa kwaya. Vyombo vya watu binafsi vinavyolala kanisani viandikwe kwenye daftari la mali, kila kimoja na jina la mwenyewe, alama yake na tarehe, na mchungaji atie sahihi. Na nakala ya ukurasa huo ikae kwa mwenye pedali.